Masanduku Manne Kutoka Garissa Hadi Eldas

Tangu nirudi nyumbani Taita kwa likizo, kila anayenikaribisha kiti ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje safari ya siku tatu ikanichukua siku kumi na moja? Wengine mnauliza huku mnacheka, kwa sababu mmeshasikia kisa cha mbuzi kutoka kwa dada yangu, na dada yangu akipata kisa hukitia chumvi hadi kikauke. Basi naandika mara moja, kila mtu asome, nami nipumzike.

Kwa wasioijua kazi yangu: mimi ni mtu wa stoo ya dawa Garissa. Si daktari wala muuguzi, ingawa kule kila anayeshika kidonge huitwa daktari, nami nimechoka kukana. Napokea masanduku kutoka Nairobi, nayapanga, nayapeleka kwenye vituo. Kimojawapo cha vituo hivyo kiko kijijini, mbele kidogo ya Eldas, na kando yake kuna manyatta, boma la vibanda, ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wafugaji wa kule huhama na ngamia wao, na mgonjwa akihama dawa humkosa. Kwa hiyo mgonjwa huwekwa kwenye kibanda hapo kituoni kwa miezi, anakunywa dawa mbele ya macho ya mtu kila asubuhi, mpaka amalize.

Kila mgonjwa ana kopo lenye jina lake. Siku anapoanza, dawa zake zote hadi siku ya mwisho hutiwa humo, ili asije mwingine akala haki yake. Lakini mwaka huu dawa zilikuwa zinakuja kwa kudondoka. Wagonjwa watano wa zamani, waliokaribia kumaliza, walikuwa na dawa zao zote. Sita wapya walitiliwa za mwezi mmoja tu, tukiwaahidi kwamba nyingine zinakuja. Ijumaa moja ya Novemba ukaja ujumbe kwa redio: makopo sita yataisha Jumatatu. Nikaambiwa niondoke kesho yake na masanduku manne, nifike nayo mwenyewe.

Kifua kikuu hakimsamehe anayekatiza dawa. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililokuwa likinikaa rohoni njia nzima.

Iftin

Nilipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja lililobeba sukari na unga kwenda Wajir. Dereva aliitwa Bare, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Iftin, hapo hapo Garissa. Aliniambia tutaondoka alfajiri. Alfajiri nilikuwa mlangoni pake na masanduku yangu, na lori lilikuwa halijapakiwa hata gunia moja.

Mkewe, Mama Khadija, aliniweka mkekani akanipa anjera, mikate yao myembamba ya kumimina, kwa samli na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia. Mimi nimelelewa kumaliza chakula cha watu, kwa hiyo nikamaliza. Akaongeza. Nikamaliza. Akaongeza tena, sasa akinitazama kwa huruma kidogo. Kwa adabu zetu sahani tupu ni shukrani. Kwa zake sahani tupu ni mgeni mwenye njaa. Nilikuwa kwenye anjera ya saba ndipo Bare alipoingia akamwambia mkewe kitu, wote wawili wakacheka.

"Daktari, bakisha kidogo," akaniambia. "Usibobakisha, hii mama atabika mbaka usiku."

"Mzee Bare, tunaondoka saa ngapi?"

"Kesho, inshallah. Unga haijakuja."

"Wagonjwa wangu wanaishiwa na dawa Jumatatu!"

"Wacha haraka. Safari ni ya Mungu, gari ni ya tajiri, mimi ni ya usukani tu. Waswahili wanasema nini? Kawia ufike."

Sikupenda kusomewa methali za Kiswahili na mtu wa Iftin tumbo langu likiwa limejaa namna ile. Tuliondoka Jumapili.

Dagahaley

Barabara ile haipitwi bila polisi kwa sababu ya majambazi. Magari hukusanyika, polisi wakatangulia, wengine wakafunga mkia. Tulifika Dagahaley Jumapili saa kumi jioni tukaambiwa msafara umeondoka asubuhi. Mwingine ni Jumatano. Nilihesabu kwa vidole, kana kwamba vidole vingenipunguzia. Jumatatu ingenikuta hapa, na Jumanne pia.

Dagahaley ni kambi ya wakimbizi, lakini miaka hii michache imeshakuwa na soko lake lenye vibanda vya kila kitu. Nililala kwa mama mmoja muuza chai, masanduku yakiwa kichwani pangu. Asubuhi nilipoamka kulikuwa na foleni. Habari kule hutembea kwa kasi kuliko gari: salamu haiishi kabla hujaulizwa umetoka wapi, umebeba nini, umeacha mvua wapi. Habari iliyotembea usiku ilisema daktari amefika na dawa. Nikasimama mbele ya wale watu nikaeleza kwamba dawa hizi ni za ugonjwa mmoja na zina wenyewe. Mama wa chai alinitafsiria. Waliitikia kwa vichwa, na hakuna aliyeondoka kwenye foleni.

Kulikuwa na bibi kizee aliyekuwa akikohoa tangu nimwone. Nilimwambia aende zahanati ya kambi. Alisema ametoka huko, ameambiwa arudi Alhamisi. Nikamwambia basi arudi Alhamisi. Niliona haya.

Hasira zile nilizipeleka kwa Farah. Farah alikuwa na kibanda kati ya fundi cherehani na muuza mitungi, na kwenye mtungi wa peremende alikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile vya kutibu maambukizo. Alikuwa anawauzia watu viwili viwili, vitatu vitatu.

"Unaua watu," nikamwambia. "Dawa hii hunywewa siku saba. Ukimpa mtu viwili unamfundisha mdudu kupigana."

Hakukasirika. Alinisogezea kigoda, akanimiminia chai.

"Kaa, abaayo, kaa dada. Mtu anakuja na besa ya fidonge mbili. Nimbe kumi na nne? Nimfukuze?"

"Mwambie aende zahanati."

"Zahanati imemwambia Alhamisi. Wewe dawa yako ni mzuri, mimi najua. Lakini iko ndani ya sanduku na kamba. Yangu ni kidogo na iko wazi. Mgonjwa anakuja kwa nani?"

Nilimwambia nusu dozi ni mbaya kuliko kukosa kabisa. Nilimwambia kwa sauti kubwa. Nilimaliza chai yake na nikaondoka bila kushukuru, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo hata leo.

Ng'ambo ya maji

Jumatano mchana, kabla ya Habaswein, tulikuta maji. Mvua haikuwa imenyesha pale tulipokuwa, ilinyesha mbali juu, na laga, mto wa msimu, iliyokuwa mchanga mtupu juma lililopita ilikuwa inapita kahawia, pana kama uwanja wa mpira. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili. Madereva walikuwa wameshatandika mikeka. Walioona mbali walishanunua mbuzi.

Tulikula ugali wa unga wa tajiri, ambao Bare alisema tajiri atausamehe, na maziwa ya ngamia tuliyopewa na wafugaji waliokuwa wakipita kuelekea malisho. Kila mfugaji alikuwa na furaha. Kwao mvua ile ilikuwa neema na mimi ndiye pekee niliyekuwa nimenuna mbele ya neema. Nilijituliza kwa hesabu: makopo sita yamekwisha tangu Jumatatu, lakini matano yana dawa hadi mwisho. Hata nikichelewa, watano wako salama. Sita nitawaanza upya. Niliirudia hesabu hiyo kama mtu anayesema rozari.

Sasa kisa cha mbuzi. Alhamisi alasiri lilikuja lori la mbuzi, jepesi kuliko letu, na dereva wake aliitwa Shukri. Alisema anaijua sehemu ya juu ambako chini kuna mawe na lori jepesi linaweza kuvuka. Bare alinijia mbio.

"Daktari, banda gari! Huyu ni mtoto ya ndugu ya mama yangu. Kesho uko Wajir. Masanduku tunafunga juu ya kichwa ya gari."

Nilitazama ndani. Shukri na wanaume wawili wamekaa mbele, mbuzi nyuma hadi juu, harufu imetangulia. Nikasema kwa sauti yangu ya ofisi kwamba dawa za serikali hazisafiri na wanyama. Zitapigwa jua. Zitakojolewa. Utaratibu hauruhusu.

"Mbuzi wako chini, dawa iko juu," Bare akasema. "Mbuzi anakojoa kwenda juu?"

Watu wakacheka. Hicho ndicho kipande ambacho dada yangu anawasimulia, na anakisimulia vizuri. Kile ambacho sikumwambia dada yangu ni kwamba utaratibu ulikuwa kisingizio. Niliogopa. Niliogopa kuingia kwenye gari la watu watatu nisiowajua, kuelekea mahali pasipo na barabara, bila polisi. Bare alikuwa ameniambia mtu yule ni damu yake, na kwa mila zao ukoo wake mzima ungewajibika kama ningepata hata mkwaruzo. Nilisikia, lakini sikuamini.

Shukri akavuka. Sisi tulivuka Jumapili, maji yalipopungua, na mbele kidogo springi ya lori ikakatika.

Wajir

Tuliingia Wajir Jumatatu jioni. Chai ya kule ina chumvi kwa sababu maji ya visima vyao yana chumvi, nami niliinywa vikombe vitatu bila kulalamika. Tabibu wa kituo nilichokuwa nakiendea alikuwa pale Wajir akinisubiri. Jina lake Mwenda, mtu wa Meru, ana mwaka wa tatu kule na tayari anasalimu kama mwenyeji. Betri ya redio yao ilikuwa imekufa baada ya ule ujumbe wa kwanza, kwa hiyo alikuja Wajir na Landrover kufuatilia dawa, akazuiwa na tope, na tope lilipokauka akaamua kunisubiri asirudi mikono mitupu.

"Mghoi, umekuja kwa miguu?" akaniuliza. "Dereva wa mbuzi alifika Ijumaa. Aliniambia kuna daktari ng'ambo ya maji anaogopa mbuzi."

Nilicheka naye. Nikamwambia ni utaratibu.

Aliniambia yale niliyokuwa nikijiambia: watano wako sawa, mmoja wao, Habiba, anamaliza Alhamisi hii hii. Sita ndio wa kuanza nao upya. Ufunguo wa kabati la makopo alimwachia Dahira, mama anayewapikia wagonjwa, ambaye anajua kopo la kila mtu na hajawahi kukosea.

Kituoni

Tulifika Jumanne adhuhuri. Mbele ya manyatta kulikuwa na ngamia watatu wamepigishwa magoti, mmoja ametandikwa vizuri kwa mikeka mipya na kitambaa chekundu. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kivulini mwao na mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Mwenda aliniambia huyo ni Hassan, shemeji yake Habiba, amekuja kumchukua. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa mpaka na familia nzima ilikuwa inahama. Mtoto ni wa Habiba. Alibaki na mke mwenza miezi yote ya matibabu.

Dahira alitoka mbio akifuta mikono. Ni mama mnene, mchangamfu, aliyejifunza Kiswahili akipika kwenye shule ya bweni.

"Karibu, karibu! Daktari, habari ni fizuri. Hakuna mtu amekosa dawa. Hata siku moja!"

Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkristo wa Kitaita, nikamshika mikono yote miwili. Mwenda alikwenda kwenye kabati, akafungua, akatoa makopo yote kumi na moja. Yote yalikuwa matupu. Juu ya kabati kulikuwa na sinia, ile kubwa ya kulia chakula, na ndani yake vidonge vichache vimebaki.

"Dahira," akasema polepole, "kila mtu ulimpa vingapi?"

"Fiwili. Kwanza ilikuwa fidonge fine, lakini ya wale sita iliisha. Habiba akasema mwaga zote kwa sinia."

Alieleza kwa fahari, na nataka mmwelewe kama nilivyomwelewa. Kule mtu hali peke yake mwenzake akitazama. Chakula kikiletwa, kidogo au kingi, huwekwa kwenye sinia moja na kila mkono unaingia. Asubuhi ile ya Jumanne ya juma lililopita watu sita walikaa na maji ya kumezea dawa mikononi na hawakuwa na dawa, na watano wakakaa mbele yao na makopo yenye dawa. Habiba, aliyebakiza siku kumi tu aende kwa mwanawe, alisema hawezi kumeza. Wengine wanne wakasema vivyo hivyo. Wakamwaga makopo matano kwenye sinia, wakagawana kwa haki, vidonge viwili badala ya vinne kwa kila mtu ili visiishe kabla sijafika, siku nane.

Mimi na Mwenda tulitazamana. Anayekosa dawa kwa juma moja unaweza kumrudisha njiani. Anayekunywa nusu ni sawa na mtu anayemrushia fisi kijiwe kimoja kila usiku: fisi hafi, anazoea. Ile hesabu yangu ya watano walio salama haikuwapo tena. Walio hatarini walikuwa kumi na mmoja sasa.

Wagonjwa walikuja wakakaa. Mwenda aliwaeleza kwa Kisomali chake kinachochechemea, Dahira akimsahihisha, mpaka alipofika kwenye maana yenyewe na Dahira akanyamaza katikati ya sentensi. Aliweka mkono mdomoni. Ilibidi Mwenda aimalize mwenyewe: siku nane hazihesabiki. Makohozi ya kila mtu yatapelekwa Wajir kupimwa. Atakayekutwa na wadudu ataanza mwanzo. Mpaka majibu yaje hakuna anayeondoka, na wale walioruhusiwa kukaa na watoto wasikae nao tena kwa sasa.

Habiba alikuwa mwanamke mrefu, uso umerudi kuwa na nyama, amevaa shuka jipya la kusafiria. Aliuliza kitu kifupi.

"Anauliza, ni yeye ameharibu?" Dahira akasema.

Nikasema hapana, mbio, kabla Mwenda hajafungua mdomo. Nikasema dawa zilichelewa Nairobi, kisha zikachelewa Garissa, kisha Dagahaley. Halafu nikaona naanza kujificha nyuma ya barabara. Nikamwambia Dahira atafsiri yote: kwamba kulikuwa na lori Alhamisi, kwamba ningefika hapa Jumamosi, kwamba nilikataa kupanda. Siku tatu kati ya nane ni zangu. Dahira alinitazama kama anayeuliza kama kweli nataka, kisha akatafsiri.

Hassan alisimama. Aliuliza swali naye, na hili halikuhitaji mkalimani kwa sababu alilisema kwa Kiswahili.

"Ulikataa kwa nini?"

"Niliogopa," nikasema.

Alinitazama. Sikuona dharau usoni mwake, na ingekuwa afadhali ningeiona. Akasema ngamia hawawezi kungoja, malisho yatakwisha, na akaenda kuanza kulegeza kamba za yule aliyetandikwa. Nililia pale, mbele ya watu, na siandiki hivi ili mnionee huruma. Kazi iliyobaki ilikuwa kufungua masanduku, kwa hiyo nikayafungua. Nilitia dawa kwenye makopo kumi na moja, kamili, hadi siku ya mwisho. Makohozi yalichukuliwa alasiri ile ile. Hadi ninapoandika majibu hayajafika Garissa.

Habiba ndiye aliyekuja wa kwanza. Nilimpa vidonge vinne kiganjani, akavitazama, akavimeza vyote kwa funda moja la maji, kisha akamsogezea kikombe mwanamke aliyemfuata. Ni wakati huo mtoto alipomponyoka Hassan. Nadhani mwanzoni alikuwa hamtambui mamaye, kisha akamtambua, maana alikuja mbio, gauni jipya likimkwaza, akiita.

Mwenda alikuwa amegeuka kuandika. Dahira alikuwa akilia.

Habiba alirudi nyuma hatua moja, akajifunika mdomo kwa shuka, na mkono wa pili akaunyoosha mbele, kiganja wazi.

"Joog!" akamwambia. Simama hapo.

Mtoto akasimama. Alikaa vile, hatua nne kutoka kwa mama yake, mikono yake bado imefunguliwa, mpaka Hassan alipokuja kumbeba.